Kifaa Hakitambuliwi na Kompyuta: Jinsi ya Kujua Kimekwama Wapi

Wakazi wengi wanaoendesha saiba, wanaofunza kompyuta katika vyuo vya ufundi au wanaotumia kompyuta nyumbani wanaifahamu hali hii. Printa inachomekwa, taa yake inawaka, lakini kompyuta haionyeshi dalili ya kuiona. Modemu iliyofanya kazi jana kwenye laptopu moja inanyamaza ikiwekwa kwenye nyingine. Skana iliyotumika miaka mitano inakataa siku ambayo kompyuta imewekewa Windows mpya. Mara nyingi jibu linalotolewa ni lile lile: "Imeharibika, nunua nyingine."

Jibu hilo ni ghali. Kwa mwenye saiba, printa moja ndiyo inayolipa kodi ya chumba. Kwa chuo cha ufundi, kifaa kinachotupwa ni kifaa ambacho wanafunzi hawatajifunzia. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima, na kilichovunjika ni maelewano kati yake na programu inayopaswa kukiendesha. Tatizo la namna hiyo linaweza kutafutwa kwa utaratibu na mtu yeyote mwenye subira, kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Somo hili linaeleza utaratibu huo. Linahusu Windows, Linux na mifumo mingine, kwa sababu hatua ni zile zile kila mahali. Kinachobadilika ni dirisha la kutazamia.

DRAIVA NI NINI?

Draiva ni programu ndogo inayoujulisha mfumo endeshi jinsi ya kuzungumza na kifaa fulani. Mfumo endeshi hauijui kila printa wala kila modemu iliyowahi kutengenezwa. Unachojua ni kutafuta draiva inayokifaa kifaa husika na kuikabidhi kazi. Draiva ikikipokea kifaa na kuanza kukiendesha, husemwa kuwa imeshikana nacho. Isiposhikana, kifaa hubaki kimechomekwa tu, kama simu iliyo mezani bila laini.

Safari ya kifaa hadi kushikana na draiva ina milango minne. Inafanana na mgeni anayefika nyumbani. Kwanza anabisha hodi na kusikika. Pili anataja jina lake. Tatu wenyeji wanaamua nani ampokee. Nne anakaribishwa ndani na mazungumzo yanaanza. Mgeni aliyekwama nje ya lango hasaidiwi kwa kuandaliwa chai. Vivyo hivyo, kifaa ambacho kebo yake imekatika hakisaidiwi kwa kuwekewa draiva mpya mara kumi.

Swali la kwanza la fundi mzuri ni hili: kifaa kimekwama kwenye mlango upi?

MLANGO WA KWANZA: JE, KIFAA KINASIKIKA?

Hapa hakuna draiva inayohusika bado. Ni umeme na nyaya tu. Kebo ya USB ya kawaida ya toleo la 2.0 ina nyaya nne: mbili za umeme na mbili za data. Baadhi ya kebo za kuchajia simu zina zile mbili za umeme pekee. Kifaa kikiunganishwa kwa kebo ya namna hiyo taa yake itawaka, lakini kompyuta haitasikia lolote. Watu wengi wamebadilisha draiva siku nzima huku kosa likiwa kwenye kebo.

Umeme nao una kipimo. Tundu la USB 2.0 linatoa hadi miliampia 500, na la USB 3.0 hadi miliampia 900. Kigawanyaji cha USB kisicho na umeme wake wenyewe kinagawa kiasi kidogo alichopewa na kompyuta, hadi miliampia 100 kwa kila tundu kwa mujibu wa kanuni. Diski kubwa ya nje ikichomekwa hapo inaweza kuwaka, kulia kidogo na kuzima.

Namna ya kujaribu ni rahisi. Ondoa kigawanyaji, chomeka kifaa moja kwa moja kwenye kompyuta, badilisha tundu, kisha badilisha kebo kwa nyingine inayojulikana kuwa nzima. Badilisha kitu kimoja kwa wakati. Anayebadilisha vitatu kwa pamoja hatajua kipi kilikuwa kibovu.

MLANGO WA PILI: JE, KIFAA KIMETAJA JINA LAKE?

Kifaa cha USB kikisikika, kompyuta hukipa anwani na kukiuliza wewe ni nani. Kifaa hujibu kwa kadi fupi ya utambulisho yenye nambari mbili muhimu: nambari ya mtengenezaji na nambari ya bidhaa. Kila moja huandikwa kwa tarakimu nne za mfumo unaotumia 0 hadi 9 na A hadi F. Kwa mfano, 03f0 ni HP, 04b8 ni Epson, 04a9 ni Canon, 046d ni Logitech na 12d1 ni Huawei. Kadi za ndani ya kompyuta, kama zile za Wi-Fi na za picha, nazo zina nambari za aina hiyo kupitia njia iitwayo PCI.

Nambari hizi ndizo jina halisi la kifaa. Maandishi yaliyobandikwa kwenye boksi yanaweza kudanganya. Kuna vifaa viwili vya Wi-Fi vyenye jina moja na rangi moja dukani, lakini chipu zilizo ndani ni tofauti kabisa na kila moja inadai draiva yake. Kwa hiyo kabla ya kutafuta draiva, soma nambari.

Kwenye Windows, bofya kitufe cha Start kwa upande wa kulia wa kipanya na uchague "Device Manager". Bofya kifaa mara mbili, nenda sehemu ya "Details", kisha uchague "Hardware Ids". Utaona maandishi kama USB\VID_04B8&PID_ yakifuatwa na tarakimu nne. Kwenye Linux, fungua terminali na uandike lsusb kwa vifaa vya USB, au lspci -nnk kwa kadi za ndani. Kwenye Mac, fungua "System Information" na utazame sehemu ya USB.

Dalili ya kukwama kwenye mlango huu ni bayana. Windows huonyesha "Unknown USB Device" pamoja na maneno "Device Descriptor Request Failed", na nambari husomeka VID_0000&PID_0002. Hiyo si nambari ya kifaa. Ni Windows inayokiri kwamba iliuliza jina na haikujibiwa. Kwenye Linux, amri ya dmesg huonyesha mstari wenye "device descriptor read/64, error -71" au "error -110". Ya kwanza inaashiria mazungumzo yaliyovurugika, ya pili ni kungoja jibu ambalo halikuja. Katika hali zote hizi, rudi kwenye kebo, tundu na umeme. Draiva haina kosa.

MLANGO WA TATU: NANI AKIPOKEE KIFAA?

Mfumo endeshi ukishapata jina, hutafuta draiva iliyotangaza kwamba inalijua jina hilo. Kwenye Windows, tangazo hilo limo katika faili za aina ya INF. Kwenye Linux, kila moduli ya draiva hubeba orodha ya nambari inazozikubali, na orodha zote hukusanywa katika faili iitwayo modules.alias. Kwenye FreeBSD na macOS, draiva kadhaa zinaweza kujitokeza kwa kifaa kimoja, kila moja ikitoa alama ya jinsi inavyokifaa, na yenye alama bora ndiyo inayokabidhiwa.

Vifaa vingine havihitaji draiva yake mwenyewe, kwa sababu vinafuata kanuni ya kundi. Kibodi, kipanya, flashi na kamera nyingi za USB ni za namna hii. Ndiyo maana kibodi mpya hufanya kazi papo hapo kwenye mfumo wowote. Printa na skana mara nyingi hazina bahati hiyo.

Kuna jambo moja linalowachanganya wenye saiba. Mashine inayochapisha na kuskani ni vifaa viwili ndani ya ganda moja. Kila upande unashikana na draiva yake. Mashine ikichapisha vizuri lakini ikikataa kuskani, si kwamba nusu yake imekufa. Uwezekano mkubwa ni kwamba draiva ya printa imeshikana na ya skana haikuwekwa.

Kwenye Windows, kifaa kilichokwama hapa huonekana chini ya "Other devices" kikiwa na alama ya njano ya mshangao. Ukikibofya mara mbili, utaona Code 28, yaani draiva haijawekwa. Kwenye Linux, andika lsusb -t. Neno "Driver=" likifuatwa na jina kama usbhid, kifaa kimepokewa. Likifuatwa na nafasi tupu au "[none]", hakuna aliyekipokea. Kwa kadi za ndani, lspci -nnk huandika "Kernel driver in use" pale tu draiva iliposhikana. FreeBSD huita kadi isiyo na draiva none0, none1 na kuendelea ukitumia pciconf -lv. NetBSD na OpenBSD huandika wazi kwenye ujumbe wa kuwaka kwamba kifaa ni "not configured".

MLANGO WA NNE: JE, KAZI IMEANZA?

Draiva sahihi inaweza kupatikana, ikakigusa kifaa, kisha ikashindwa kukiwasha. Windows huonyesha Code 10 kifaa kisipoweza kuanza, na Code 43 kinapokuwa kimesimamishwa kwa kuripoti hitilafu. Code 52 inamaanisha saini ya kidijitali ya draiva haikuweza kuthibitishwa. Code 22 ni nyepesi kuliko zote: mtu alikizima kifaa humo humo ndani ya "Device Manager", na kinahitaji kuwashwa tu.

Kwenye Linux, sababu ya kawaida kwa kadi za Wi-Fi ni kukosekana kwa femuwea, yaani programu inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe kila kinapowaka. Amri ya dmesg huandika "Direct firmware load" ikitaja jina la faili, kisha "failed with error -2". Namba hiyo inamaanisha faili halipo. Draiva ipo, kifaa kipo, lakini chakula cha kifaa hakipo. Wanaotumia Debian walikutana na hali hii mara kwa mara, kwa sababu kabla ya toleo la 12 lililotoka Juni 2023, diski rasmi ya kuweka mfumo haikubeba femuwea zisizo huria. Dawa ni kuweka pakiti yenye faili lililotajwa, si kununua kadi mpya.

KIFAA KILE KILE, KOMPYUTA TOFAUTI

Mbona kifaa kifanye kazi hapa na kukataa pale? Kuna sababu tatu kubwa.

Ya kwanza ni aina ya mfumo. Draiva inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows ya biti 32 haikubaliki kwenye Windows ya biti 64. Windows 11, iliyotoka mwaka 2021, ina toleo la biti 64 pekee. Microsoft ilisitisha usaidizi wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na wengi wamehamia Windows 11. Printa ya zamani ambayo mtengenezaji wake hakuwahi kutoa draiva ya biti 64 itakwama kwenye mlango wa tatu, hata kama wino umejaa. Aidha, laptopu za Windows zenye chipu za ARM zinahitaji draiva zilizotengenezwa kwa ARM. Zile za chipu za Intel na AMD haziingii katika kiini chake.

Ya pili ni toleo la kiini cha mfumo. Kwenye Linux, moduli huwekwa kwa kila toleo la kiini. Draiva iliyojengwa kwa mkono wiki iliyopita inaweza kutoweka baada ya mfumo kujisasisha usiku, kwa kuwa ilijengewa kiini cha zamani. Andika uname -r kuona toleo linalotumika sasa. Chombo kiitwacho DKMS huijenga draiva upya kila kiini kinapobadilika.

Ya tatu ni ulinzi wa Secure Boot. Kompyuta ikiwa na ulinzi huu, Linux inaweza kukataa moduli isiyo na saini inayoaminika na kuandika "Key was rejected by service". Kompyuta ya jirani isiyo na ulinzi huo itaikubali moduli hiyo hiyo. Suluhisho salama ni kuisaini moduli na kusajili ufunguo, si kukimbilia kuzima ulinzi.

MIFANO MITATU YA KUJIFUNZIA

Modemu yenye sura mbili. Modemu nyingi za Huawei zilizouzwa na kampuni za simu zilitengenezwa kwa ujanja. Zikichomekwa, hujitambulisha kwanza kama diski ya CD yenye programu ya kuzisakinisha kwenye Windows. Programu ikishawekwa, modemu hupewa amri maalum, inajitoa na kurudi na nambari mpya kama modemu. Kwenye Linux, lsusb huonyesha 12d1:1446 modemu inapokuwa bado kwenye sura ya diski. Kinachoonekana kama draiva kukosekana ni modemu ambayo haijageuzwa. Programu ya usb_modeswitch ndiyo inayoigeuza. Nambari ikibadilika, draiva iitwayo option hushikana nayo na njia za ttyUSB hujitokeza. Ukiona nambari bado ni 12d1:1446, usiguse draiva. Shughulikia mgeuzo kwanza.

Kifaa kilichonyakuliwa. Wanafunzi wanaojifunza kupanga bodi ndogo za majaribio aina ya Arduino mara nyingi hutumia zile za bei nafuu zenye chipu ya CH340. Nambari yake ni 1a86:7523. Kwenye Ubuntu 22.04, wengi walishangaa kuona ttyUSB0 ikitokea kwa sekunde moja kisha ikipotea. Draiva sahihi, ch341, ilikuwa imeshikana na kifaa, lakini programu nyingine ikakinyakua. Programu hiyo ni brltty, inayohudumia mashine za maandishi ya breli kwa wasioona. Kisa ni kwamba kuna mashine ya breli inayotumia chipu hiyo hiyo yenye nambari hiyo hiyo, na brltty ikadhani imempata mgeni wake.

Ushauri unaotolewa sana ni kuiondoa brltty kabisa. Kwa kompyuta ya mtu mmoja anayeona, hakuna hasara. Katika maabara ya chuo au kituo cha umma ni kosa, kwa sababu mkazi asiyeona akija atakuta mlango wake umefungwa. Njia bora ni kunakili faili la 85-brltty.rules kwenda /etc/udev/rules.d na kuuzima kwa alama ya # mstari wenye 1a86/7523 pekee. Bodi ya mwanafunzi itafanya kazi, na mashine nyingine za breli zitaendelea kutambuliwa. Ni nyumba iliyo na mtumiaji wa mashine ya breli yenye nambari hiyo hiyo pekee ndiyo itakayohitaji mpango mwingine.

Kifaa kisichobisha hodi. Kwenye bodi kama Raspberry Pi, vifaa vidogo hufungwa kwa nyaya za I2C. Tofauti na USB, I2C haina utaratibu wa kifaa kujitangaza. Saa ndogo ya DS3231, ambayo husaidia bodi kukumbuka muda umeme unapokatika, itakaa kimya daima mpaka mfumo uambiwe kwamba ipo. Kwenye Linux ya Raspberry Pi, maelezo hayo huandikwa katika faili la config.txt kwa mstari dtoverlay=i2c-rtc,ds3231. Kabla ya hapo, amri ya i2cdetect -y 1 itaonyesha 68, ambayo ni anwani ya saa hiyo. Baada ya draiva kushikana, mahali pa 68 pataandikwa UU, ishara kwamba anwani hiyo imeshapata mwenyewe. Pasipoonekana 68 wala UU, kagua nyaya, na uhakikishe I2C yenyewe imewashwa.

Mifano hii mitatu inafanana kwa nje: kifaa hakifanyi kazi. Kwa ndani, kila mmoja umekwama kwa sababu yake. Wa kwanza ulitaja jina lisilo lake, wa pili ulipokewa na asiyehusika, wa tatu haukutaja lolote.

TAHADHARI: DRAIVA ZA MITAANI

Mtu akitafuta draiva mtandaoni, hukutana na tovuti nyingi zinazotoa programu za "kurekebisha draiva zote". Ni vyema kuziepuka. Draiva nyingi hufanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka makubwa kuliko programu ya kawaida. Draiva yenye nia mbaya inaweza kusoma kila kinachoandikwa na kila kinachoskaniwa.

Kwa mwenye saiba, hilo si lake peke yake. Kompyuta yake hupitisha nakala za vitambulisho, PIN za KRA na nywila za eCitizen za majirani zake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia taarifa za watu azilinde. Kwa hiyo:

- Pakua draiva kutoka kwa mtengenezaji wa kifaa, au kupitia Windows Update, au kutoka hazina rasmi ya mfumo wako wa Linux.
- Linganisha nambari ya kifaa na orodha ya vifaa ambavyo draiva hiyo inahudumia.
- Usizime kinga ya virusi wala ukaguzi wa saini kwa sababu tu maelekezo ya draiva yanasema hivyo.
- Weka nakala ya faili muhimu kabla ya kubadilisha draiva ya diski au ya picha.

Jihadharini pia na chipu bandia. Mwaka 2014, draiva mpya ya Windows ya mtengenezaji mmoja wa chipu za mawasiliano ilibadilisha nambari ya bidhaa ya chipu zilizoigwa kuwa 0000, na vifaa vilivyokuwa vikifanya kazi vikaacha kutambuliwa ghafla. Wengi waliovinunua hawakujua kwamba ndani yake mna chipu bandia. Bei ya chini kupita kiasi ina gharama inayokuja baadaye.

UTARATIBU WA KUFUATA

Hatua hizi zinaweza kubandikwa ukutani katika saiba au maabara.

1. Andika kilichobadilika. Je, mfumo umesasishwa? Kebo ni ile ile? Kifaa kimehamishwa?
2. Chomeka moja kwa moja, bila kigawanyaji. Jaribu tundu jingine, kisha kebo nyingine.
3. Soma nambari ya kifaa. Ikikosekana au ikiwa 0000, rudi hatua ya 2.
4. Tazama kama kuna draiva iliyoshikana, na kama ndiyo inayostahili.
5. Soma ujumbe wa kosa wote. Kwenye Windows tazama Code katika "Device status". Kwenye Linux andika dmesg mara tu baada ya kuchomeka. Kwenye mifumo mingine huenda ukahitaji mamlaka ya msimamizi, kwa hiyo andika sudo dmesg.
6. Jaribu kifaa kwenye kompyuta nyingine. Kikifanya kazi huko, si kibovu. Kikikataa kwenye kompyuta tatu kwa kebo tatu, huenda kweli kimekufa.
7. Badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo.

Kumbuka pia kwamba kushikana na draiva si mwisho wa safari. Kwenye Linux, kifaa kinaweza kushikana vizuri na ttyUSB0 ikaonekana, lakini mtumiaji akaambiwa "Permission denied". Hapo draiva imefanya kazi yake. Kinachokosekana ni ruhusa ya mtumiaji, ambaye kwenye Ubuntu na Debian huongezwa katika kundi la dialout.

Mkazi anayempelekea fundi kifaa akiwa na nambari yake, ujumbe wa kosa na orodha ya aliyoyajaribu humrahisishia fundi kazi. Vilevile, ni vigumu kumuuzia mtu huyo kifaa kipya asichokihitaji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Printa ya saiba inaonyesha VID_0000&PID_0002. Je, upakue draiva mpya?
2. Mashine inachapisha lakini haiskani. Ni mlango upi wa kukagua kwanza?
3. Kwenye Linux, dmesg inasema "Direct firmware load" imeshindwa kwa kosa -2. Kinachokosekana ni nini?
4. Draiva ya Wi-Fi iliyojengwa kwa mkono imepotea baada ya mfumo kujisasisha. Sababu inayowezekana zaidi ni ipi?
5. Kwenye bodi ya Raspberry Pi, i2cdetect inaonyesha UU mahali pa 68. Hali ya saa ikoje?

Majibu

1. Hapana. Kifaa hakijataja jina lake. Kagua kebo, tundu na umeme.
2. Mlango wa tatu, upande wa skana. Yaelekea draiva yake haijawekwa.
3. Faili la femuwea. Draiva yenyewe ipo.
4. Kiini cha mfumo kimebadilika, na draiva ilijengewa kile cha zamani.
5. Draiva imeshikana na saa. Kama muda bado si sahihi, tatizo liko kwingine, kwa mfano betri ya saa hiyo au muda ambao haujawahi kuwekwa.